Jamhuri na Amana ya Kadhi

Disemba 12 inakaribia, na Isinya yetu inajiandaa kwa sikukuu ya Jamhuri: bendera, hotuba na ngoma. Twende, enyi akina mama, na watoto wetu. Lakini kwanza tuwaeleze hili: mwaka 1963, kabla ya uhuru, ukanda wa pwani uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar ulikabidhiwa Kenya kwa ahadi kwamba mahakama za kadhi zitadumu. Katiba ya 2010 imezihifadhi katika kifungu cha 170. Huko ndiko mke adaipo haki zake za ndoa na talaka, na binti fungu lake la mirathi. Asiyelijua hili hupunjwa akanyamaza. Sherehe ni ya siku moja. Elimu hii ni amana. Wabillahi tawfiq.