Mwenye Nguvu Mpishe

Methali isemayo "Mwenye nguvu mpishe" ni nasaha njema kwa mtu aliyekutana na fahali katika njia nyembamba. Fahali hana akili ya sheria wala hana leseni. Kumpisha si kushindwa, ni busara. Lakini katika wilaya za Mbulu na Hanang methali hiyo imeondolewa kwa fahali ikapewa dereva wa lori, na huko imegeuka kuwa amri. Mpanda baiskeli asikiapo honi nyuma yake hutazamiwa kuiacha lami, kuingia katika kokoto na kungoja vumbi litulie. Akifanya hivyo huitwa mwerevu. Asipofanya, akaangushwa, husemwa kuwa amejitakia. Desturi hii ni mbaya, na hoja ziitegemezazo ni dhaifu.

Hoja ya kwanza ni kwamba barabara ni ya magari. Barabara itokayo Babati kwenda Singida, ipitayo Endasak, Nangwa na Katesh chini ya Mlima Hanang, ilitiwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kabla ya lami hiyo baiskeli ilikwisha kuwapo, ikibeba magunia ya mahindi kwenda mashineni, madumu ya maji kurudi nyumbani, na wagonjwa kwenda zahanati. Lami haikumwondoa msafiri huyu. Ilimwongezea mwendo msafiri mmoja, ikamwacha mwingine na mwendo wake wa zamani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 nayo haikumfukuza mpanda baiskeli. Imemwekea masharti, na mtu hawekewi masharti ya kutumia kitu asichoruhusiwa kukitumia.

Hoja ya pili ni kwamba dereva amekwisha kupiga honi, kwa hiyo amekwisha kutimiza wajibu wake. Hesabu ndogo yatosha kuipima hoja hii. Lori liendalo kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo ulioruhusiwa na sheria kwa magari mazito, hukata mita 22 kwa kila sekunde. Baiskeli iliyopakiwa hukata kama mita 4. Honi ikipigwa mita 50 nyuma, lori litamfikia mpandaji kabla ya sekunde 3 kwisha. Katika sekunde hizo atakiwa aisikie sauti juu ya upepo, aelewe itokako, apunguze mwendo, na kuteremka ukingoni akiwa na gunia juu ya keria lipendalo kumvuta upande. Aliyepewa sekunde 3 hakupewa onyo. Amepewa habari ya msiba wake. Honi haipunguzi mwendo wa lori. Kinachoupunguza ni breki, na mguu wa kuikanyaga ni wa dereva peke yake.

Hoja ya tatu ina ukweli ndani yake, kwa hiyo yastahili kujibiwa kwa haki. Husemwa kuwa wapanda baiskeli wengi hawana taa, kwamba hukata barabara bila kutazama nyuma, na kwamba wapo warudio kutoka mnadani jioni hali wamelewa. Hayo hutokea, na hayafai kutetewa. Walakini lori na tela lake, likiwa na mzigo wake kamili, laruhusiwa kufika tani 56. Mpanda baiskeli pamoja na gunia lake hafiki robo ya tani moja. Kosa lake yeye aghalabu humdhuru yeye mwenyewe. Kosa la dereva humwua mwingine. Makosa mawili ya namna hiyo hayawezi kuwekwa katika mizani moja. Wajibu hufuata uwezo wa kudhuru: aliye na kisu na aliye na ukuti hawaagizwi tahadhari iliyo sawa.

Hoja ya nne hutolewa kwa jina la maendeleo. Malori, husemwa, ndiyo yaletayo mali, na asiyeweza kwenda nayo asiyacheleweshe. Wasemao hivi wamesahau mzigo unakotoka. Vitunguu saumu vya Mbulu, mahindi na mbaazi za Hanang, havioti kando ya lami. Sehemu yake kubwa hutoka mashambani kwa kichwa, kwa punda na kwa baiskeli mpaka mahali lori linapongojea. Lori ni mto, na baiskeli ni mojawapo ya vijito viujazavyo. Mto unaokausha vijito vyake hautadumu. Dereva mwenyewe pia si bwana wa safari hii. Nyuma yake yupo tajiri ahesabuye safari na asiyehesabu watu waliosukumwa kokotoni; lawama isiyomfikia huyo imeishia njiani.

Tena Hanang isingepaswa kuhitaji kufundishwa somo hili. Tangu mwaka 1970 mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa katika nyanda za Basotu kwa msaada wa Kanada. Trekta zililima malisho ya Wabarabaig. Njia za zamani za watu na mifugo zilikatwa, na aliyezifuata alihesabiwa kuwa mvamizi. Wanakijiji wa Mulbadaw waliishtaki NAFCO wakashinda katika Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua ushindi huo, kwa kuwa hawakuithibitisha haki yao kwa namna iliyotakiwa. Kisa hicho ni kikubwa kuliko cha baiskeli, ila mafunzo yake ni yale yale: njia itumiwayo kwa hisani ya mwenye nguvu hupotea siku hisani ikwishapo. Atokaye barabarani kila siku kwa hofu hufundisha watu wote, na watoto wake mwenyewe, kwamba mahali pale hapakuwa pake.

Kinachodaiwa si kikubwa. Dereva akimkuta mpanda baiskeli mbele, naye akaona gari likija, na asubiri nyuma mpaka njia iwe wazi; kisha ampite kwa nafasi ya urefu wa mtu aliyelala, ili huyo akianguka asiangukie magurudumu. Katika mteremko wa Magara, ambako breki zikipata moto hupoteza nguvu, na aanze kushuka polepole toka juu, maana huko chini hakuna honi iwezayo kumwokoa mtu. Wajenzi nao wasiihesabu barabara kuwa imekwisha ikiwa ukingo wake haumtoshi mwenye gunia. Na vijana wasomao methali za wazee wao wajifunze kutenga nasaha na haki. Mnyonge akipisha, huokoa roho yake siku ile moja. Mwenye nguvu ndiye akipisha, barabara huwa ya watu.