Neno la Mhariri: Ibara Zisizosomwa Mimbarini

Tarehe 5 Agosti 1998, maaskofu wa Kanisa Anglikana kutoka pande zote za dunia, waliokuwa wamekutanika Canterbury katika mkutano wao wa Lambeth, walipitisha kwa kura 526 dhidi ya 70, huku 45 wakijizuia, azimio ambalo tangu siku hiyo limekuwa hoja ya kwanza ya maaskofu wengi wa Afrika ya Mashariki wanapoulizwa juu ya ushoga. Azimio hilo lilitamka kwamba matendo ya mapenzi ya jinsia moja hayapatani na Maandiko, na kwamba Kanisa haliwezi kushauri miungano ya namna hiyo ibarikiwe, wala walio katika miungano hiyo wapewe daraja takatifu. Hayo yanajulikana hata kwa asiyepata kuuona waraka wenyewe. Lakini azimio lile lile, katika maneno yanayotajwa kwa nadra, lilisema kwamba wote waliobatizwa, wenye imani na uaminifu, ni viungo kamili vya mwili wa Kristo pasipo kutazamwa mwelekeo wa mapenzi yao. Likawafunga maaskofu kwa ahadi ya kusikiliza habari za maisha ya watu hao. Na likalaani hofu isiyo na akili wanayofanyiwa. Maneno haya na yale yalipigiwa kura siku moja, kwa mikono ile ile.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya maneno hayo yasiyosomwa. Hatukukusudia kuwafundisha masheikh na maaskofu tafsiri ya vitabu vyao, wala kumtaka muumini aikane itikadi aliyoipokea kwa wazee wake. Tunalodai ni dogo kuliko hilo, na kwa sababu ni dogo ni vigumu zaidi kulikwepa. Tunadai kwamba dini zetu, kwa kauli zake zenyewe, zimesema mambo mawili, moja la katazo na moja la stahi, na kwamba mhubiri anayelitangaza la kwanza kwa sauti kuu akalinyamazia la pili hakuilinda dini yake, bali ameipunguza.

Mwenendo huo si wa Waanglikana peke yao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika ibara ya 2358, inaagiza kwamba watu wenye mwelekeo huu wapokewe kwa heshima, kwa huruma na kwa uangalifu, na kwamba waepushwe na kila dalili ya ubaguzi usio wa haki. Vatikani ilipotoa tamko la Fiducia Supplicans tarehe 18 Desemba 2023, likiruhusu baraka fupi, isiyo ya ibada ya ndoa, kwa wawili wa jinsia moja, maaskofu wa Afrika walijibu tarehe 11 Januari 2024, kwa saini ya Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwamba baraka hiyo haifai kutolewa katika makanisa ya bara hili. Jawabu hilo lilishangiliwa, na anayelishangilia ana haki yake. Ila ndani ya waraka huo huo maaskofu walikariri kwamba watu hao watendewe kwa heshima na kwa kujali utu wao, na sehemu hiyo haikushangiliwa wala kusomwa sana. Fauka ya hayo, Februari 2023, ndegeni wakitoka Juba, Papa Fransisko na Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati ule, pamoja na kiongozi wa Kanisa la Scotland, walikubaliana hadharani kwamba kuwaadhibu watu hawa kwa sheria ya jinai ni dhuluma.

Upande wa Uislamu hakuna azimio la kupigiwa kura, kwa kuwa hukumu hutafutwa katika Kurani, Hadithi na kauli za mafakihi. Na mafakihi wa madhehebu manne ya Sunni, pamoja na Shafii ambayo ni madhehebu ya wengi wa watu wa pwani yetu, wamekubaliana kwamba tendo hili ni haramu, ijapokuwa walihitilafiana juu ya adhabu yake, hata Abu Hanifa akaona kwamba halina hadi iliyowekwa bali adhabu yake huachiwa rai ya kadhi. Walakini Kurani ile ile, katika Sura ya Hujurati, aya ya 12, imekataza watu kupelelezana na kusengenyana. Na katika Sura ya Nuru, aya ya 4, imeamuru kwamba anayewasingizia uzinzi wanawake wenye kujihifadhi, asilete mashahidi wanne, apigwe mijeledi 80 na ushahidi wake usikubaliwe tena. Sheria iliyojali sitara ya mtu kiasi hicho haiwezi kuwa ndiyo inayomwamuru jirani kuchungulia mlango wa jirani. Mwishoni mwa Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam aliwataka wananchi wamletee majina ya wale waliowadhania kuwa mashoga, na baadaye akasema amepokea ujumbe kwa maelfu. Serikali ya Muungano ilijitenga naye, ikasema hayo ni maoni yake mwenyewe. Jambo lililohitaji kusemwa misikitini siku zile, na linalohitaji kusemwa hata leo, ni kwamba kuyapeleka majina hayo kwa dhana tu ni maasi, hata kwa yule anayeliona tendo lenyewe kuwa ni maasi.

Mizani ya kadhia hii, kwa rai yetu, ni mazishi, kwa sababu maiti hatendi dhambi wala hamshawishi mtu, na kila anachonyimwa hunyimwa kwa chuki tupu. David Kato, mwalimu na mtetezi wa haki za mashoga nchini Uganda, aliuawa nyumbani kwake Mukono tarehe 26 Januari 2011, miezi michache baada ya gazeti moja la Kampala kuichapa picha yake pamoja na mwito wa kunyonga, na mwaka huo huo mahakama ikamhukumu mtu mmoja kifungo cha miaka 30 kwa mauaji hayo. Siku ya maziko, mchungaji aliyepewa kuongoza ibada aliwageukia waombolezaji akaanza kuwakemea. Vurugu ikazuka, wanakijiji wakakataa kumzika, na rafiki zake wakalibeba jeneza wenyewe hadi kaburini. Aliyemwombea pale ni Christopher Senyonjo, askofu mstaafu wa West Buganda, ambaye Kanisa lake lilikuwa limemwondolea ruhusa ya kuhudumu kwa kuwa aliwapokea watu hawa na kuwashauri. Na huko Kaolack, nchini Senegal, Oktoba 2023, watu waliufukua kaburini mwili wa kijana aliyesemekana kuwa shoga, wakauchoma moto hadharani. Ilhali kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni, kwa sheria ya Kiislamu, faradhi ya kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima, na wote hupata dhambi ikiachwa. Tunauliza kwa dhati: ni aya gani, au ni mstari upi wa Injili, uliotimizwa katika makaburi hayo mawili?

Tusidhani kwamba maneno ya mimbarini huishia mimbarini. Tarehe 26 Mei 2023 Rais Museveni wa Uganda alitia saini Sheria ya Kupinga Ushoga, ambayo ndani yake mna hukumu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na ambayo ilimlazimu raia kumpelekea polisi habari za mtu anayemshuku. Kanisa Anglikana la Uganda liliipokea kwa shukrani, ingawa Askofu Mkuu Stephen Kaziimba alisema kwamba angependelea kifungo cha maisha kuliko kifo. Naye Welby akamwandikia kumkumbusha ahadi za lile lile azimio la 1998. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliondoa wajibu wa kuchongea, lakini sehemu kubwa ya sheria, pamoja na kifo, ikaachwa isimame.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yameletwa na wageni. Vifungu vya kanuni za adhabu vinavyoyaadhibu katika Kenya, Uganda na Tanzania navyo vililetwa na utawala wa Kiingereza, kwa hiyo ugeni hauwezi kuwa hoja ya upande mmoja. Na mtoto anayefukuzwa nyumbani usiku alizaliwa katika nyumba hiyo. Wengine watasema kwamba kumstahi mtu ni kuhalalisha tendo lake. Mahakama ya Juu ya Kenya, tarehe 24 Februari 2023, iliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba chama cha kuwatetea watu hawa hakiwezi kunyimwa usajili, ilhali tendo lenyewe lingali kosa katika kanuni ya adhabu. Ikiwa majaji waliweza kulitenga tendo ambalo sheria inaliadhibu na mtu ambaye Katiba inamlinda, mwanachuoni na mwanatheolojia, ambao kazi yao ni kupambanua, hawana udhuru wa kushindwa.

Makala za toleo hili hazisemi kwa kauli moja. Wamo waandishi wanaosimama palepale aliposimama marehemu Askofu Mkuu Desmond Tutu, ambaye mwaka 2013 alitangaza mjini Cape Town kwamba hatamwabudu Mungu anayewachukia mashoga. Na wamo wanaoshikilia katazo lote bila kulegeza herufi. Tumewaweka pamoja kwa sababu wote wamekubali sharti moja, la kutomtweza mtu wanayemzungumzia.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu wa dini, wawe na rai gani juu ya ndoa, wazisome hadharani ibara zote za nyaraka walizotia saini wenyewe. Waseme Ijumaa na Jumapili kwamba kupiga, kuchongea na kumtupa mtoto ni haramu. Na wasikatae kumzika mtu yeyote. Nawe msomaji, ukisikia nusu ya kwanza ikihubiriwa, uliza kwa adabu nusu ya pili iko wapi.