Zabibu za Dodoma Zipogolewe kwa Zamu

Ulaya, baridi ndiyo inayoulaza mzabibu, na mkulima hupogolea mti ukiwa umelala. Dodoma hatuna baridi ya namna hiyo. Mzabibu wetu huamshwa na mkasi, na tangu siku ya kupogolea hadi kuvuna hupita takriban miezi minne. Ndiyo maana wakulima wa Hombolo na Mpunguzi wanaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba. Kwa hiyo anayechagua siku ya kupogolea amekwisha kuchagua siku ya kuuza, na kumwachia kila mkulima uamuzi huo peke yake ni kumtupa sokoni bila mpango.

Mvua za Dodoma, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, hunyesha karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Shamba lililopogolewa Oktoba au Novemba hujaza vichala katikati ya mvua hizo: ukungu hushambulia majani, punje hupasuka, sukari hupungua na gharama ya dawa hupanda. Lililopogolewa Aprili au Mei huivisha zabibu kwenye jua na hewa kavu, na mavuno hayo ndiyo yanayostahili kuwa tegemeo. Lakini mashamba yote yakipogolewa kwa pamoja, zabibu zote huiva kwa pamoja. Tunda hili halingoji; matangi ya viwanda yakijaa, mkulima hupokea bei yoyote anayotajiwa.

Wapo watakaosema kwamba anayetegemea mvua hawezi kungoja zamu, kwa kuwa unyevu wa ardhini utakuwa umekwisha. Ni kweli kabisa, na zamu ipangwe kwa kufuata maji: wasio na umwagiliaji watangulie Aprili, wenye umwagiliaji wa matone, kama walio kwenye skimu ya Chinangali, wafuate Mei na Juni. Wengine watahofia kwamba mashamba yaliyopogolewa nyakati tofauti yataambukizana ukungu. Hofu hiyo ina uzito masika. Kiangazi hupungua sana. Wala simwombi mtu aache mavuno ya pili, yale ya Februari na Machi, ila mti uliochoka, unaoishi kwa akiba ya shina na mizizi kila unapokatwa, upumzishwe.

Vyama vya ushirika na wanunuzi wakutane Machi, kabla mkasi haujaingia shambani, waandike nani atapogolea wiki ipi na kiwanda kipi kitapokea mzigo wake.