Mfiwa asipoweza kuimba, tumwimbie

UKUMBI WA JUMAPILI
Na Penina Mbwambo

Siku ya kuanua matanga turubai hukunjwa, viti vya kukodi hurudishwa, masufuria ya jumuiya huoshwa na kila mwenye lake akabeba. Daftari la michango husomwa, kamati hushukuriwa, mchungaji hufunga kwa sala. Ikifika jioni nyumba imebaki na mama na watoto wake. Jumapili inayofuata mama huyo akijikokota hadi ibadani, uso bado umemvimba, mlangoni atapokewa na mzee wa kanisa atakayemshika mkono na kumwambia, "Jikaze, mama. Kazi ya Mungu haina makosa." Akiingia ndani anakuta mahubiri ya kufurahi katika Bwana.

Sina ugomvi na furaha hiyo. Naiamini, na nimewaona watu wakisimama kwa sababu yake. Ninachokipinga ni kuigeuza kuwa deni analodaiwa mfiwa. Aliyezika mtoto wiki iliyopita, au anayeugua sonona na hajalala usingizi wa maana tangu mwezi uliopita, tunamwambia afurahi kana kwamba furaha ndiyo risiti ya imani yake. Akishindwa, anatoka kanisani na mizigo miwili: huzuni aliyokuja nayo na hatia tuliyomtwisha sisi.

Wanaopenda kumhimiza mfiwa afurahi hukimbilia Wafilipi sura ya 4. Wangeanzia sura ya 2. Paulo yuko kifungoni, na anaeleza habari za Epafrodito, ndugu aliyetumwa na kanisa la Filipi kumpelekea msaada, akaugua nusura afe. Mungu alipomponya, Paulo anasema, amenihurumia na mimi pia, maana ningepata huzuni nyingine juu ya ile niliyo nayo. Anaongeza kwamba anamrudisha Filipi mapema ili huzuni yake mwenyewe ipungue. Ni mtu huyo huyo, katika barua hiyo hiyo, anayewaagiza wenzake wafurahi. Hakungoja huzuni imwishe ndipo aandike, wala hakuificha ili barua ipendeze. Tena furaha yake imejaa majina ya watu: Timotheo, Epafrodito, Euodia, Sintike, Klementi. Ukiwaondoa watu hao katika barua ile, sijui furaha yenyewe ungeishika wapi.

Twende na Bethania, Yohana 11. Lazaro amekufa na dada zake wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wanamwendea Yesu na lalamiko lile lile: angekuwapo, ndugu yao asingekufa. Martha anajibiwa kwa maneno, na ni maneno mazito kuhusu ufufuo. Mariamu anaanguka miguuni akilia, na Yesu hamfundishi kitu. Anauliza walikomlaza, kisha analia naye. Na anayelia hapo anajua kwamba muda si mrefu Lazaro atatoka kaburini. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuwaambia waombolezaji wanyamaze, ni yeye, na hakufanya hivyo. Sisi kila mfiwa tunampa jibu la Martha, hata yule aliyeanguka miguuni petu, asiyeweza kumaliza sentensi.

Jirani yangu mmoja ameniruhusu nieleze habari zake bila jina. Mwanawe wa pekee wa kiume alikuwa dereva wa bodaboda, akagongwa na lori usiku akirudi nyumbani. Mama huyu alikuwa nguzo ya sauti ya pili katika kwaya ya akina mama. Baada ya mazishi aliacha kwenda mazoezini, na mwalimu wa kwaya alipomfuata alimjibu bila kuzunguka: "Siwezi kusimama mbele za watu niimbe maneno ambayo leo siyaamini."

Mwalimu yule ni mama wa makamo, fundi cherehani. Hakubishana naye. Alhamisi iliyofuata mazoezi ya kwaya yalihamia uani kwa mfiwa. Wanakwaya walikuja na stuli zao na mikeka, mmoja akaleta chupa ya chai, wakaimba. Mwenye nyumba alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, ungo mapajani, akichambua mchele bila kuinua macho. Siku nyingine aliinuka katikati ya wimbo, akaingia ndani na kufunga mlango, nao wakaendelea kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemhubiria. Masika yakapita hivyo.

Jioni moja walikuwa wanajifunza wimbo mpya na sauti ya pili ikawa inapotea kila wakifika pale pale. Wakarudia, ikapotea tena. Kutoka kizingitini tukasikia, "Hapo sauti ya pili haipandi. Inakaa chini, inawasubiri wenzake." Akawaonyesha kwa koo lake mwenyewe, noti chache tu, halafu akanyamaza kama aliyeshtuka kujisikia. Akina mama wakacheka, naye akacheka. Kisha akalia, na mchele ukamwagika, na wanawake watatu wakapiga magoti kuuokota wakiwa bado wanacheka na wao wanalia. Nilikuwepo. Nikiulizwa furaha ya Kikristo inafananaje, nitasimulia jioni ile kabla sijafungua kitabu chochote.

Siku nyingine nilimuuliza zile Alhamisi za mwanzo zilimsaidia nini, maana alionekana kama hasikii. Akasema, "Walikuwa wananiimbia. Mimi nilikuwa nimeishiwa imani, wao walikuwa nayo."

Hilo ndilo ninaloomba makanisa yetu yalishike. Kuna majira ambapo mtu hawezi kuamini kwa sauti, na kazi hiyo hubaki kwa wenzake. Katika Marko 2 yule mwenye kupooza hasemi neno. Wanne wanambeba, wanatoboa dari, wanamshusha na godoro lake, na Injili inasema Yesu aliiona imani yao, wale waliombeba. Mgonjwa mwenyewe hakuulizwa ana imani kiasi gani.

Na huo wimbo tunaouimba karibu kila msiba, "Yesu Kwetu ni Rafiki", uliomo katika Tenzi za Rohoni, wengi hatujui ulitoka kwa mtu wa namna gani. Aliyeyaandika maneno yake kwa Kiingereza ni Joseph Scriven, aliyezaliwa Ireland mwaka 1819. Mchumba wake alizama majini siku moja kabla ya harusi yao. Akahamia Kanada, akapata mchumba mwingine, na huyo naye akafa kwa maradhi kabla hawajaoana. Shairi hilo aliliandika miaka ya 1850 kumfariji mama yake aliyekuwa mgonjwa kule Ireland, yeye akiwa mbali hawezi kumwona. Huko Kanada watu walimfahamu kama mtu anayepita na msumeno, akiwapasulia kuni wajane na wagonjwa bila kudai malipo.

Ningependa kusimulia kwamba alizeeka kwa amani. Agosti 1886, akiwa mgonjwa na ameelemewa na huzuni kiasi kwamba rafiki zake walikuwa wakimwangalia, alitoka usiku na kukutwa amekufa majini. Kama ilikuwa ajali au alijitoa uhai, hakuna aliyeweza kusema. Sioni kwamba mwisho huo unaufanya wimbo wake kuwa uongo. Mtu aliyetufundisha kumpelekea Yesu mizigo alikuwa nayo kweli, na siku nyingine ilimzidi nguvu. Watu wa Afrika Mashariki ambao hakuwahi kuwafikiria wanaendelea kumwimbia kando ya makaburi yao, wakiyashika maneno ambayo pengine usiku ule yeye mwenyewe hakuweza kuyashika.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi ya wasomaji wangu walokole hawatalipenda. Jirani yangu hakuinuliwa na kwaya peke yake. Ule mwezi wa nne hivi alikuwa amekonda, anaamka saa nane za usiku na halali tena, anasahau sufuria jikoni, na siku moja alimwambia mwalimu wa kwaya kwamba haoni sababu ya kuamka kesho. Mwalimu alimpeleka hospitali siku iyo hiyo, akakaa naye kwenye benchi tangu asubuhi hadi jina lilipoitwa. Daktari akasema ni sonona, akaandika dawa na kumpangia siku za kuzungumza na mshauri.

Dawa za sonona hazifanyi kazi kama dawa ya maumivu ya kichwa. Mara nyingi nafuu huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, na hapo katikati ndipo wengi hukata tamaa na kuacha. Katika wiki hizo ndipo wageni wa kikundi kimoja cha maombi walipomfikia wakamwambia vidonge ni dalili ya mashaka, avitupe apokee uponyaji. Mwalimu wa kwaya alivitoa kwenye ndoo ya taka, akavifuta, akaviweka mezani. Akawaambia wale wageni, "Ombeni. Na yeye ataendelea kumeza." Nawaheshimu sana watu wa maombi, na mimi ni mmoja wao, lakini kumtupisha mgonjwa dawa kwa jina la Yesu ni jambo la kutisha. Kuna watu wamezikwa kwa sababu ya jambo hilo.

Kuomboleza kwenyewe si ugonjwa. Ila Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa magonjwa ulioanza kutumika mwaka 2022, linatambua kwamba kwa baadhi ya watu maombolezo hukaa kwa ukali ule ule zaidi ya miezi 6, kupita desturi ya jamii yao, mpaka wakashindwa kuishi. Hao wanahitaji tiba. Na wale wa sonona wanahitaji tiba, wawe wamefiwa au hawajafiwa.

Anayedhani hospitali na altare ni wapinzani apande Lutindi, milima ya Usambara, wilayani Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo pale mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, na miaka michache tu baadaye kikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, cha kwanza cha aina yake katika Afrika Mashariki. Leo ni hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Wagonjwa wanapata dawa, wanafanya kazi za shambani na za mikono, wanasali. Kwa zaidi ya miaka 100 kanisa hili limekuwa likitibu akili za watu, na bado mimbarini tunasikia kwamba aliyeokoka haugui kichwa.

Wachungaji nao wanaugua. Charles Spurgeon, mhubiri Mbaptisti wa London, alikuwa na umri wa miaka 22 pale Oktoba 1856 mtu alipopiga kelele ya uongo ya moto katika ukumbi uliojaa maelfu waliokuja kumsikiliza. Watu 7 walikufa katika mkanyagano. Spurgeon aliteswa na huzuni nzito miaka mingi iliyofuata, na aliwafundisha wanafunzi wake wa uchungaji waziwazi kwamba hali hiyo itawapata. Ni wachungaji wangapi wetu wangethubutu kusema hivyo katika semina, achilia mbali madhabahuni?

Sheria pia inatunyamazisha. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha kwao, kinachosema hivyo hivyo, kinakwenda kinyume cha Katiba. Hapa kwetu, aliyeokolewa kutoka kifoni anaweza kutoka wodini na kukutana na askari. Viongozi wa dini wana milango ya kuingia bungeni na wizarani ambayo mimi sina. Nawaomba waitumie kwa jambo hili kama wanavyoitumia kwa mengine.

Na kwa wewe unayesoma ukiwa huko gizani. Zaburi ya 88 ni sala ya mtu anayelia mchana na usiku, na tofauti na zaburi nyingi za maombolezo, haigeuki kuwa sifa. Inaishia gizani. Hata hivyo iliwekwa katika kitabu cha nyimbo za ibada, chini ya jina la wana wa Kora, waimbaji wa hekalu. Kwa hiyo aliye na maneno hayo tu ana nafasi kamili katika kusanyiko. Njoo ukae. Si lazima uimbe, na ukitaka kutoka katikati ya mahubiri, toka.

Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, malaika alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili. Safari ilikuja baadaye. Basi leo kula, hata kama ni uji nusu kikombe. Usiku huu yakikujia mawazo ya kujidhuru, mwamshe mtu, yeyote, wala usijali ni saa ngapi. Kesho asubuhi mwambie akusindikize hospitali, na mkifika dirishani usiseme ni malaria. Sema hivyo hivyo ulivyo.