Fundi wa rangi aelezwe kwa lugha anayoielewa

Ni desturi ya wenye magari jijini Eldoret kumlaumu fundi wa rangi kwa kununua bunduki ya bei nafuu. Gari likitoka karakana ya Pioneer na uso wenye vijipele kama ganda la chungwa, husemwa kwamba kifaa cha bei ya kuku watatu hakiwezi kutoa kazi nyingine. Nadhani lawama hiyo imepotea njia.

Bunduki ya bei nafuu hupuliza rangi vyema ilmradi ilingane na kompresa. Nyingi zinazouzwa siku hizi ni za kikombe cha juu, zinazotumia upepo mwingi wenye shinikizo dogo, takriban pauni 30 kwa inchi ya mraba pale mpira wa upepo unapoingia kwenye mpini. Faida yake ni kwamba rangi nyingi hufika kwenye bati badala ya kupotea hewani. Ila hutaka upepo, aghalabu zaidi ya lita 250 kwa dakika, na kompresa ndogo ya tangi la lita 50 mara nyingi haifikishi kiasi hicho. Mnunuzi hutazama ukubwa wa tangi, kumbe tangi ni ghala tu. La kuulizwa ni lita zinazotoka kwa dakika. Aidha, Eldoret iko yapata mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja katika tano. Kompresa hapa haitoi nguvu zile zilizoandikwa ubavuni mwake.

Mdomo nao huchaguliwa kwa kazi: milimita 1.3 au 1.4 kwa rangi ya juu na vanishi, 1.7 au zaidi kwa praima. Baada ya kazi bunduki isafishwe mara moja kwa thina, lakini isilazwe humo nzima usiku kucha, kwani mipira ya ndani huharibika.

Mengi ya haya huandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi, kwa Kiingereza au Kichina. Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Rangi ikiharibika hupigwa msasa ikarudiwa, mapafu hayarudiwi. Kigumishi cha rangi za kuchanganya mbili kina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo ni chanzo kinachojulikana cha pumu kazini. Kitambaa cha kufunga puani hakizizuii hata kidogo. Mpulizaji hupaswa kuvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Tena dalili huweza kuchelewa hadi usiku, fundi akakohoa na kudhani ni baridi ya Uasin Gishu. (Ajabu ni kwamba mwanzo wa kifaa hiki ulikuwa tiba: Dkt. Allen DeVilbiss wa Toledo, Marekani, alibuni kipulizio cha dawa ya koo katika karne ya 19, na mwanawe Thomas ndiye aliyekigeuza kuwa cha rangi.)

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike na bidhaa, na haki ya kulindwa afya yake. Mtu hawezi kusemwa amepewa habari asiyoweza kuisoma.

Wako wenzangu watakaojibu kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. Waende Pioneer wakasikilize. Shinikizo ambalo sisi wasomi tunalibishania semina nzima, fundi huliita upepo, na anapimiana nalo bila kukosea. Sindano, mdomo, kikombe, msasa: maneno yapo, tena ni ya zamani. Hata isosayaneti haihitaji kutafsiriwa. Yatosha kuandikwa kwa herufi kubwa kwamba mvuke huu huharibu mapafu na kitambaa hakiuzuii.

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, tayari huweka masharti kwa bidhaa zinazoingizwa nchini. Liongeze sharti la ukurasa mmoja wa Kiswahili ndani ya kila boksi la bunduki ya rangi, na maneno hayo ya onyo juu ya kila kopo la kigumishi. Gharama yake kwa mwagizaji ni karatasi na wino.