Kona ya Sinema: Muuaji Tumeshamjua, Tuangalie Tena

Safari hii sileti muvi ya ngumi wala ya Kinaijeria. Naleta tamthilia ya zamani ya Marekani inaitwa Twin Peaks. Imetufikia kwenye flashi, imenakiliwa kutoka DVD, vipande vyote 30. Tumeiangalia mara mbili, sisi walimu wa kujitolea na akina mama wa jirani, kila jioni mpaka chaji ya sola iishe, mimi nikitafsiri kwa Kiingereza changu cha sekondari. Mara ya kwanza tulikuwa tunamtafuta muuaji. Mara ya pili ndiyo ninayotaka kuwaandikia.

Kwa wasioijua: ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya ABC tarehe 8 Aprili 1990. Waliotunga ni wawili, Mark Frost na David Lynch, huyu Lynch amefariki Januari 2025. Mji wenyewe Twin Peaks ni wa kubuni, lakini milima na misitu unayoiona ni ya kweli, iko jimbo la Washington. (Wenye ndugu waliopelekwa huko wasichanganye, si mji mkuu wa Marekani, ni jimbo la magharibi linalopakana na Kanada.) Yale maporomoko ya maji mwanzoni ni ya Snoqualmie.

Kisa kinaanza asubuhi. Mzee mmoja anatoka kwenda kuvua samaki, anakuta kitu kimefungwa kwenye nailoni kando ya maji. Ni maiti ya Laura Palmer, mwanafunzi wa sekondari, msichana anayependwa na mji mzima. Alikuwa anapelekea watu chakula majumbani, anamfundisha kijana mwenye ulemavu wa akili, yaani mtoto ambaye kila mzazi angesema huyo ni wangu. Serikali inamtuma mpelelezi wa FBI, Dale Cooper. Huyu ndiye stelingi, ila stelingi wa ajabu kweli! Anaongea na kinasa sauti chake, anasifia kahawa na miti, na ndoto aliyoota usiku anaitumia kama ushahidi. Kuna mama anayetembea na gogo la mti mikononi kama mtoto mchanga, na gogo linamwambia mambo. Kuna chumba cha mapazia mekundu ambamo watu wanaongea kama wamemeza maji. Hapo mmoja wetu alidhani flashi imeharibika. Kumbe waigizaji walijifunza kusema maneno kinyumenyume, halafu picha ikarudishwa nyuma.

Jambo moja kuhusu kanda na CD za tamthilia hii. Zilipouzwa Marekani miaka ya 1990, kipande cha kwanza kabisa hakikuwemo, kwa sababu haki za kukiuza zilikuwa kwa kampuni nyingine. Hata DVD za mwaka 2001 zilitoka bila hicho kipande. Yaani unanunua hadithi ya msiba, na siku ya msiba haimo! Huku Ulaya kipande hichohicho kiliuzwa kama filamu peke yake, kimeongezewa mwisho ambao muuaji anapatikana harakaharaka. Ni mwaka 2007 tu ndipo lilitoka sanduku lenye vyote pamoja. Kwa hiyo mkipewa flashi, hakikisheni ina kile cha kwanza, chenye urefu wa saa moja na nusu hivi. Bila hicho hamtaelewa kwa nini mji mzima unalia.

Sasa nitamtaja muuaji. Anayetaka kungoja afunge ukurasa hapa.

Wenye televisheni walitaka watu waambiwe, na Lynch mwenyewe hakupenda. Jibu likatolewa Novemba 1990, kwenye kipande cha 15. Muuaji ni Leland Palmer, baba mzazi wa Laura. Baada ya hapo watazamaji wakazidi kupungua, na Juni 1991 tamthilia ikakatwa. Ndivyo ilivyo hata kwenye kibanda umiza, adui akishajulikana vijana wanaanza kutoka mmoja mmoja.

Lakini rudi ukaiangalie tena huku unajua. Baba anapopata habari yuko kwenye simu na mkewe, anamuona sherifu anakuja, simu inamtoka mkononi, analia. Mara ya kwanza tulilia naye. Mara ya pili kikao kizima kilinyamaza, mama mmoja akasema tu "ee Mungu". Kwenye mazishi analirukia jeneza la mwanawe, linapanda na kushuka kaburini naye akiwa juu yake. Baadaye nywele zake zinageuka nyeupe ghafla, anaingia sebuleni anaimba. Watu wanamuonea huruma, wanamshika mkono, na yeye anarudi nyumbani kwake, ambako bado kuna msichana mwingine, binamu yake Laura aliyekuja kwa ajili ya msiba. Mara ya kwanza hatukumjali sana huyo binti. Mara ya pili kila akishuka ngazi za ile nyumba tunataka kumwambia panda basi urudi kwenu.

Na mama Laura alisema! Tangu mwanzo aliona sura ya mtu kwenye chumba cha mwanawe, mtu wa nywele ndefu za mvi. Ikachorwa picha yake, ikasambazwa, wakamtafuta mtu huyo huko nje. Huyo ndiye BOB, pepo anayemwingia Leland. (Aliyeigiza BOB, Frank Silva, hakuwa mwigizaji, alikuwa fundi wa kupanga vyombo vya ndani. Sura yake ilinaswa kwenye kioo kwa bahati mbaya, mkurugenzi akaipenda.)

Hapa ndipo ubishi wetu ulipowaka, na ulituchukua jioni mbili. Leland anapokufa kwenye kipande cha 17 anaeleza kwamba BOB alimjia tangu akiwa mtoto mdogo. Baadaye sherifu na wenzake wanasimama msituni na kujiuliza: ni pepo kweli, au ni baba? Sherifu hawezi kuamini mambo ya pepo. Cooper anamuuliza kama ni rahisi zaidi kuamini kwamba mtu anaweza kumbaka na kumuua binti yake mwenyewe.

Mwalimu mwenzangu alisema Leland hana kosa, shetani alimpitia. Neno hilo sote tunalijua. Tumelisikia kwenye vikao, mtu mzima ameinamisha kichwa, "shetani alinipitia", faini inalipwa, soda zinanunuliwa, na mtoto anarudi kulala nyumba ileile. Mama mmoja wa jirani, ambaye kwa kawaida haongei sana, akamjibu: "Huyo shetani mbona hampitii akiwa mbele ya bosi wake? Anajua kuchagua siku na chumba?" Mwalimu hakujibu. Mimi niko upande wa huyo mama, ingawa nakubali kwamba tamthilia yenyewe haikati shauri moja kwa moja.

Kuna mwingine aliyelisema kabla yetu. Bobby, mpenzi wake Laura, kijana mkorofi, anasimama kwenye mazishi na kuwapigia kelele watu wazima wote: mlijua yupo matatani, hamkufanya kitu, ninyi nyote ndio mliomuua. Mara ya kwanza nilimuona mtovu wa adabu tu anayeharibu mazishi. Sisi walimu tunamtazama mtoto anayesinzia au anayekosa shule. Laura alikuwa mbele kwenye kila shughuli, nani angemuuliza?

Flashi iko kwangu, wanaotaka waje na yao tunakili. Humo mna pia filamu ya mwaka 1992, Fire Walk with Me, inayoonyesha siku saba za mwisho za Laura. Wakati huo wengi waliikataa, walitaka vichekesho na kahawa, wakapewa msichana anayegundua ni nani anaingia chumbani kwake usiku. Iangalieni mwisho, baada ya vipande 30, si kabla. Vile 18 vya mwaka 2017 sijavipata. Mambo haya si ya watoto wadogo, wapelekeni kulala kwanza. Ila binti wa kidato cha tatu au cha nne akitaka kukaa na mama yake aangalie, mimi nasema akae, na kile kipande cha 15 msimwache aangalie peke yake. Tuonane mwezi ujao.