Bunge la Makofi Lilivyoipeleka Ujerumani Vitani

Makamanda, kuna hoja naisikia sana mtandaoni: "Mambo ya katiba na bunge waachieni wanasheria, mwananchi anataka maendeleo." Naijibu kwa mfano wa Ujerumani ya Hitler. Wengi tunajua vita vya 1939, ila hatuulizi viliandaliwaje.

Viliandaliwa kwa sheria. Tarehe 23 Machi 1933, wabunge 444 dhidi ya 94 waliipa serikali mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Wakomunisti walikuwa jela, mafichoni au uhamishoni. Waliokataa ni Wasoshalisti peke yao, huku wanamgambo wa chama tawala wamejaa ukumbini. Kufikia Julai, chama kilichoruhusiwa kilikuwa kimoja tu.

Sasa tazama kilichofuata nje ya mipaka. Oktoba 1933 Hitler akaitoa nchi katika Shirikisho la Mataifa. Machi 1935 akarudisha jeshi la lazima, kinyume cha Mkataba wa Versailles. Machi 1936 akaingiza askari Rhineland. Machi 1938 akaimeza Austria, kisha wananchi wakaitwa kubariki kwa kura kitu ambacho kilishafanyika. Kwenye karatasi ya kura, duara la "Ndiyo" lilikuwa kubwa, la "Hapana" dogo pembeni. Matokeo? Zaidi ya asilimia 99. Eti uchaguzi!

Hata ndani ya serikali hakubaki wa kuhoji. Tarehe 5 Novemba 1937, Hitler aliwaeleza wakuu wake faraghani kwamba anazitaka Austria na Czechoslovakia kwa nguvu. Waziri wa vita Blomberg, mkuu wa jeshi la nchi kavu Fritsch na waziri wa mambo ya nje Neurath walionyesha wasiwasi. Mwanzoni mwa Februari 1938, wote watatu hawakuwa tena kwenye nafasi zao.

Kuna watakaosema Versailles iliwaonea Wajerumani. Sawa, malalamiko yalikuwepo. Lakini Machi 1939 jeshi liliingia Prague, kwa Wacheki, ambao hawakuwa Wajerumani na hawakuomba kukombolewa. Hapo kisingizio kiliisha, ila bungeni hakukuwa na mtu wa kusimama na kusema hivyo. Tusidhani pia ni habari za mbali: utawala ule ulidai kurudishiwa makoloni ya zamani, na Tanganyika ilikuwa mojawapo.

Ninachojifunza kama mwanafunzi wa sheria ni hiki: kinachomzuia mtawala asiwapeleke watu wake kufa ni yule mbunge anayeuliza "kwa nini, na kwa gharama ya nani?" Ukishamfukuza huyo, maendeleo unayoahidiwa hayana mlinzi. Wajerumani waliahidiwa ajira na heshima ya taifa. 1945 miji yao ilikuwa vifusi.

Kwa hiyo kamanda, ukiambiwa upinzani bungeni unachelewesha maendeleo, usinyamaze. Muulize anayesema: siku mkubwa akikosea, nani atamwambia?